Bunduki ya kwanza ya kuzamia: chukua 90 ya mpira mmoja

Bunduki ninayoipitia hapa, ya kupigia samaki kwa mshale chini ya maji, ni ya kawaida sana. Mtutu wa alumini wenye unene wa milimita 28, reli iliyotengenezwa pamoja na mtutu wenyewe, urefu namba 90, mshale wa milimita 7 wenye ulimi mmoja, mdomo wazi, na mpira mmoja wa milimita 16 wa kurushia mshale. Haina rili, yaani kigurudumu cha kuviringishia uzi wa mshale, haina rangi ya mawimbi ya bahari ubavuni, na hakuna atakayekusimamisha ufukweni akuulize umeipata wapi. Kampuni nyingi zinatengeneza bunduki za sampuli hii au zinazokaribiana nayo: Rob Allen wa Afrika Kusini, Cressi na Mares wa Italia, Beuchat wa Marseille walioanza kazi mwaka 1934. Kwa hiyo sitabishana kuhusu nembo. Naipima aina yenyewe, na hukumu yangu naitoa mapema: kwa mtu anayenunua bunduki yake ya kwanza, sijaona inayoizidi.

Nimetumia fupi kuliko hii, ndefu kuliko hii, za hewa iliyoshindiliwa na za puli. Pia nafundisha wanaoanza kuzamia, na wengi wao hufyatua mshale wao wa kwanza kwa bunduki yangu hiihii, ndiyo maana mshikio wake umechubuka na mtutu una mikwaruzo ya miamba ya kila aina. Na niongeze jambo moja ambalo washauri wengi hulisahau: mimi ni mwanamke wa kilo 58, mikono yangu si mirefu. Ushauri mwingi wa bunduki hutolewa na majamaa wenye vifua vipana, nao huanza na swali la inapiga umbali gani. Swali la kwanza ni je, utaweza kuikoki, ukiwa umeelea, mawimbi yakikusukuma, pumzi haijatulia, tena na tena mpaka mchana? Kama huwezi, umbali wake haukuhusu.

Basi tuanze na kukoki, maana hapo ndipo watu wanapokwama. Uko ndani ya maji, na mbele yako hakuna mtu. Unausukuma mshale nyuma kwenye reli mpaka usikie "ta" ndani ya mshikio, kisha unaushika karibu na mdomo na kuuvuta mbele kuhakikisha umeshikwa kweli. Unaupitisha mshipi, ule uzi unaofunga mshale kwenye bunduki, kwenye kindoano cha pembeni, unauzungusha mdomoni, unarudisha. Ndipo unapoweka kitako cha bunduki kwenye mfupa wa katikati ya kifua, au kwenye nyonga kama kifua kinauma, unanyoosha mikono, unaushika mpira pande zote mbili na kuuvuta kwa mkupuo mmoja, pande zote sawasawa, hadi kamba ndogo ya kukokia, inayounganisha pande mbili za mpira, ikae kwenye pengo la mshale. Hapo mpira umenyooka kama mara tatu au zaidi kidogo ya urefu wake wa kawaida. Ukivuta upande mmoja zaidi, kamba inakaa kombo na mshale unatoka kombo.

Mishale mingi ina mapengo mawili au matatu, ama vipembe vidogo vilivyochomelewa mgongoni. Lile lililo karibu na mdomo ndilo jepesi. Wanafunzi wangu huanzia hapo na wengine hubaki hapo muda mrefu, na samaki wanapata. Hakuna aibu. Ukishazoea, unavuta kwanza hadi pengo la karibu, unapumua, kisha unabadilisha mkao wa mikono na kuvuta hadi la nyuma. Kwenye 90 hatua hizo mbili zinawezekana kwa mtu wa umbo langu. Kwenye 110 yenye mipira miwili nilikuwa naikoki kwa kujikamua, na nikimaliza mapigo ya moyo yako juu kiasi kwamba lazima nikae usoni mwa maji muda mrefu kabla ya kuzama. Mzamiaji anayetumia pumzi yake mwenyewe hana anasa hiyo. Nguvu uliyoitumia kukoki ni pumzi uliyoinyima safari yako ya chini.

Kuhusu hiyo namba. Kwa mtindo wa Ulaya, 90 ni sentimita za mtutu, kuanzia mbele ya mshikio mpaka mdomoni. Mshale wake huwa mrefu zaidi, karibu sentimita 130, na bunduki nzima ikiwa na mshale ni kitu kirefu kuliko unavyofikiri ukiwa dukani. Watengenezaji wengi wa Marekani hupima kuanzia kitakoni, tena kwa inchi. Usilinganishe namba za maboksi mawili kabla hujajua kila mmoja ameanzia wapi kupima.

Urefu unachaguliwa na maji. Simama ndani ya maji unayoyazamia, nyoosha bunduki, tazama ncha ya mshale na kilicho mbele yake. Kama kuona kwako kunaishia mita 2 au 3, chukua 75, maana ya nini kubeba bunduki inayofika usikokuona? Kama unaona mita 5 hadi 10, 90 inakaa palepale. Kama maji ni ya kioo na unawinda samaki wa maji makuu wanaopita mbali, hapo ndipo 110 na kuendelea zinapopata kazi, lakini mtu wa namna hiyo hasomi mapitio ya bunduki ya kwanza. Na kuna mapango. Chewa hukaa kwenye mashimo, na kugeuza bunduki ndefu humo ni kama kupitisha mkokoteni kwenye kichochoro. 90 inageuka kwa shida kidogo, ila inageuka.

Wenye 120 watanipigia kelele hapa. Wapige tu.

Umbali nao una ujanja wake, na ujanja wenyewe ni wa maji. Ukitazama kupitia kioo cha miwani chini ya maji, kila kitu kinaonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja na karibu kwa kama robo. Kolekole unayeapa yuko mita 3 yuko kama mita 4. Mgeni anafyatua, mshale unafika mwisho wa mshipi, samaki anageuka taratibu na kuondoka, na lawama zote anatupiwa mwenye duka. 90 ya mpira mmoja, iliyokokiwa hadi pengo la nyuma, kwa maoni yangu inafanya kazi safi mita 2 hadi 3 mbele ya ncha. Zaidi ya hapo mshale bado unakwenda, ila umeshaishiwa nguvu, na utamjeruhi samaki badala ya kumpata. Kwa anayeanza huo ni umbali wa kutosha, tena una faida: unakulazimisha ujifunze kutulia chini mpaka samaki asogee mwenyewe kukuangalia. Mwenye bunduki kali hujifunza kufukuza.

Kwa nini mpira mmoja? Kwa sababu bunduki nyepesi ya alumini ikifungwa mipira miwili minene huruka mkononi. Mdomo unapanda pale mshale unapotoka, na mshale unapita juu ya mgongo wa samaki. Mshale mwembamba nao, ukisukumwa na nguvu nyingi kuliko unene wake, hupinda ukiwa njiani na kuyumba kabla haujanyooka. Mgeni hawezi kujua kama amekosa kwa sababu ya jicho lake, mkono wake, au mipira yake. Mpira mmoja unaondoa utata huo. Bunduki hii inasukuma mkono kidogo tu, nawe unauona mshale ukienda ulikoelekezwa. Ukikosa, umekosa wewe.

Na kulenga kwenye bunduki ya reli yenye mdomo wazi ni rahisi: unaangalia juu ya mshale wenyewe, kutoka nyuma hadi nchani, mkono umenyooka na kiwiko kimekaza kidogo. Mdomo uliofungwa, ule wenye tundu la kupitisha mshale, una utulivu wake lakini unakata mstari wa jicho, na kurudisha mshale ndani ya tundu huku bahari inakutikisa ni kero. Reli nayo ina maana. Mshale unalala juu yake kwa urefu wote, kwa hiyo hauning'inii katikati wakati mpira umevutwa. Bunduki za bei ya chini zisizo na reli mshale hushikwa nyuma na mbele tu, na ukiukodolea macho baada ya kukoki utauona umejipinda kama nywele. Usinunue hiyo.

Sasa, ukiwa na bunduki mkononi dukani, au kwa mtu anayeuza iliyotumika, fanya hivi. Itikise karibu na sikio. Mtutu wa alumini umezibwa kwa hewa ndani ili uelee. Ukisikia maji yanacheza, vizibo vimeachia, na bunduki hiyo itazama ukishafyatua na kuiachia. Pitisha kidole gumba juu ya reli, polepole, kutoka mshikioni hadi mdomoni. Inatakiwa iwe laini mwanzo mpaka mwisho. Ukigusa kovu au ukingo mkali, mshale utaugusa pia. Chomoa mshale uuviringishe juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ncha ikiruka-ruka, umepinda. Mshale uliopinda kidogo huweza kunyooshwa na fundi mwenye jicho, lakini katika ununuzi wa kwanza dai ulionyooka.

Halafu triga. Rudisha mshale mpaka "ta," vuta mbele kwa nguvu zako zote, usitoke. Bonyeza triga bila mpira, utoke bila kukwaruza. Rudia. Angalia lile jino la ndani linaloshika mkia wa mshale: nataka chuma kisichoshika kutu, siyo plastiki, maana hapo ndipo mzigo wote wa mpira unapokaa. Angalia pia mkia wa mshale wenyewe. Kama umelika na kuwa mviringo pale unaposhikwa, siku moja utaachia bila ya wewe kubonyeza. Hapo siweki mzaha. Bunduki yenye shaka kwenye triga haiingii majini, hata kama umepewa bure.

Kile kidude cha kufungia triga pembeni ya mshikio sikihesabu. Baadhi ya bunduki nzuri hazinacho kabisa. Kinajaa mchanga, kinajifunga wakati samaki yuko mbele yako, na kibaya zaidi kinampa mtu ujasiri wa kuielekeza bunduki iliyokokiwa kwa mwenzake. Usalama ni mdomo wa bunduki uko wapi. Unaikoki ndani ya maji tu, unaishusha nguvu kabla hujatoka: unaushika mpira kwa mikono miwili, unautoa kwenye pengo na kuurudisha mbele taratibu, au unafyatua kuelekea maji matupu kama mpira umekuzidi. Nchi kavu na ndani ya boti haikokiwi, hata kwa kujaribu, hata kwa picha. Mpira ukifyatua mshale bila maji ya kuupunguza mwendo, mshipi hauzuii kitu; unakatika, au mshale unarudi kwako.

Mshale wa milimita 7 naupenda kwa sababu unasamehe. Wa milimita 6 au 6.5 una kasi zaidi na unafaa samaki wadogo, lakini ukigonga jiwe mara chache unaanza kuwa na umbo la upinde, na mgeni atagonga jiwe sana. Wa milimita 8 unabeba uzito mzuri kwa samaki wakubwa, ila kwa mpira mmoja unatoka umechoka. Ulimi, yaani kile kibati kinachofunguka ndani ya nyama ili samaki asichomoke, uwe unacheza kwa uhuru na ukae karibu na ncha. Ukiwa mbali sana na ncha, samaki mwembamba unamtoboa lakini ulimi unaishia ubavuni haujatokea upande wa pili, na akijitikisa mara mbili hayupo. Kabla ya kununua mshale wa akiba, chukua bunduki uende nayo: mikia ya mishale haifanani kati ya kampuni na kampuni, na unaoingia siyo lazima uwe unaoshika.

Nilisema haina rili. Mgeni namshauri afunge mshipi wa boya badala yake. Boya lenye bendera linawaonyesha wenye boti kwamba chini kuna mtu, linakupa mahali pa kushika ukichoka, na samaki mkubwa akiingia kwenye mapango na mshale, wewe unaachia bunduki, unapanda kupumua, unarudi na akili zako. Rili ni nzuri baadaye. Mwanzoni ni kitu kingine cha kunasa.

Kuhusu mpira, huo ndio utakaokugharimu mara kwa mara, kwa hiyo jifunze kuubadilisha mwenyewe. Mipira ya bunduki ni ya utomvu asilia, na adui zake ni jua na mafuta. Baada ya kuzamia naisuuza bunduki yote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nafungua na kufunga triga huku maji yanapita, kisha nauchomoa mpira na kuuweka kivulini. Mafuta ya kujipaka dhidi ya jua yanauharibu pia, kwa hiyo mikono yako iangalie. Kabla ya kila safari uvute kidogo kwa vidole karibu na mdomo wa bunduki na kwenye fundo. Ukiona mistari midogo kama ngozi ya kisigino kilichokauka, ukate utupe. Kamba ya kukokia ya Dyneema, uzi laini lakini imara sana, naipenda kuliko ya waya, kwa kuwa haikati vidole na haipigi kelele, lakini inaliwa na mapengo makali. Mapengo ya mshale mpya nayasugua kwanza kwa msasa laini.

Bunduki ya hewa? Ina sifa zake. Ni fupi, ina nguvu, na kwenye mashimo inafanya kazi nzuri kuliko hii yangu. Lakini mshale wake umefichwa ndani ya mtutu mnene, hakuna cha kulengea. Unaikoki kwa kuusukuma mshale ndani kutoka mbele, mkono ukiwa upande wa ncha. Na chembe moja ya mchanga kwenye vizibo vyake vya mpira inatosha kukumalizia wiki. Ikiharibika inataka fundi anayeijua. Ya mpira naitengeneza nimekaa kwenye jiwe. Za puli, ambazo mpira unazungukia mdomoni na kupita chini ya mtutu, zinapiga kwa utulivu wa ajabu kwa urefu wake, na mimi mwenyewe ninayo moja. Ni bunduki ya pili, au ya tatu. Utaratibu wake wa kukoki una hatua nyingi mno kwa mtu ambaye bado anahangaika na miwani inayoingiza maji.

Ningebadilisha nini kwenye hii? Mshikio. Wengi wanautengeneza kwa mkono mkubwa, na kidole changu kinafika kwenye triga kwa ncha tu. Nimeuchonga kwa msasa nyuma ya dole gumba, ukawa afadhali. Kitako nacho ni kigumu. Kama hakikuja na mto wa kifuani, nunua suti ya kuzamia yenye pedi kifuani au ushone kipande cha mpira mzito, la sivyo utaonekana kama umepigwa teke. Na mshipi wa nailoni unaokuja nayo mara nyingi ni mfupi; nauongeza uwe na mzunguko mmoja na nusu au miwili ya mtutu, nikihakikisha umekazwa vizuri maana ukilegea unajisokota kwenye ncha.

Kabla ya yote haya kuna sheria ya pale unapozamia. Kuna nchi bunduki ya kuzamia imekatazwa kabisa, kuna zinazotaka kibali, na nyingi zinakataza kuitumia ukiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Hifadhi za bahari hazigusiki. Uliza kwanza, kwa sababu chombo kilichopigwa marufuku huchukuliwa pamoja na samaki.

Kama huna mtu wa kuzamia naye, mmoja juu akikuangalia huku mwingine yuko chini, usinunue bunduki mwaka huu. Nunua miwani inayokukaa, mapezi mazuri na mkanda wa uzito wa kukusaidia kuzama, utafute mwenzako. Kwa mwenye mwenzake tayari: mtutu wa 90, mpira wa akiba, mshale wa akiba, kisu kifupi cha kukatia mshipi kifungwe mahali mikono yote miwili inafika, na kile kifuniko cha ncha ambacho kila mtu hukitupa pamoja na boksi. Kitunze. Ndicho kinachozuia mshale usitoboe begi, kiti cha gari au mguu wa mwenzako njiani.